Mapenzi Niliyoyanakili

Simwamini mtu anayeimba akiulizwa swali. Hili nililijua hata kabla mpiga kinanda hajaingia nyumbani kwetu, na nilijifunza kwenye televisheni ya mama.

Mama ni fundi cherehani hapa Karatu. Chumba chake cha kushonea kinatazama barabara ya kwenda geti la Ngorongoro, ile ambayo asubuhi magari ya watalii yanapita kwa msururu na kutuachia vumbi jekundu kwenye mikono ya mashati mapya. Juu ya kabati la vitambaa kuna televisheni, ameiweka ili wateja wasichoke kusubiri. Saa kumi alasiri inarudiwa tamthilia ya mapenzi, ile iliyotiwa sauti za Kiswahili, ambayo watu wakiongea kidogo wanaacha kuongea wanaimba. Mwaka jana nilikuwa kidato cha tatu. Nikitoka shule kazi yangu ilikuwa kupiga pasi nguo zilizokamilika, na nilisimama nyuma ya pazia la kupimia, kwa hiyo nilisikia kila kitu na hakuna aliyeniona. Hapo ndipo ninapojisikia mtu. Nikitazamwa na mgeni, maneno yote niliyonayo yanakimbia, nabaki na "marahaba" na "hapana" tu, tena kwa mpangilio usiofaa.

Wateja walijua mambo kuliko mtunzi.

"Huyu atampenda," alisema mama wa duka la maziwa, hata kijana mwenyewe hajashuka kwenye pikipiki.

"Ila ana siri," akasema mwenzake.

"Siri lazima iwepo. Bila siri tutatazama nini mpaka Ijumaa?"

"Na watagombana mvua ikinyesha. Hawa hawagombanagi jua likiwaka."

Kweli, Alhamisi mvua ikanyesha, binti akaondoka analia, kanga imelowa. Mama wa maziwa akapiga makofi kama aliyeshinda mechi.

Muhula huohuo mwalimu wetu wa Kiswahili alitupa zoezi: chagua kazi moja ya fasihi ueleze muundo wake. Wenzangu walichagua vitabu vya darasani. Mimi nikachagua tamthilia ya saa kumi kwa sababu ilikuwa inaingia masikioni nitake nisitake. Nikaandika kwamba wanakutana kwa ajali, mmoja akimwaga kitu cha mwenzake. Wanaimba. Wanaahidiana. Mmoja ana siri, na sisi tunaijua kabla ya mwenzake. Siri inatoka, wanaachana, na kila mmoja anaimba peke yake nusu ya wimbo uleule. Mwisho kuna jukwaa na umati, aliyekosa anaimba mbele za watu wote, na mwenzake anajitokeza katikati ya umati wanakumbatiana. Muundo ni wa msago, yaani moja kwa moja, isipokuwa mtu anapokumbuka utoto wake. Halafu nikaongeza sentensi ambayo sikuipanga: "Wimbo huingia pale ambapo mhusika angelazimika kujibu swali."

Nilikuwa nimefuatilia. "Jana ulikuwa wapi?" Muziki. "Unanipenda mimi au unapenda shamba la baba yangu?" Muziki, tena na wachezaji thelathini waliotokea sijui wapi, wamevaa sare.

Mwalimu aliporudisha madaftari alisema mbele ya darasa, "Huyu ameona kitu. Hadithi hizi si za televisheni, ni za zamani sana. Kuna kukutana, kuna kizuizi, kuna kurudiana. Hata bibi zenu wakiwasimulia ngano waliweka wimbo katikati. Na wimbo ule kazi yake nini? Kuwachelewesha, ili mzidi kutaka." Darasa zima likageuka kunitazama, nikaanza kutafuta kalamu chini ya dawati, kalamu ambayo nilikuwa nimeishika mkononi. Jioni niliandika neno "kuwachelewesha" kwenye shajara yangu, nikalipigia mstari.

Sasa nije kwa dada.

Dada yangu amenizidi miaka minne. Yeye haogopi watu. Watu ndio wanajipanga vizuri akipita. Alikuwa amechaguliwa chuo cha uuguzi Tabora, na barua ilisema aripoti wiki ileile inayofuata sikukuu ya mavuno, asipofika nafasi anapewa mwingine. Ili awahi ilimbidi apande gari Jumatatu, siku moja baada ya sikukuu. Baba ni mpishi kwenye kambi ya mahema huko juu Ngorongoro, anashuka nyumbani kwa msimu. Alipiga simu siku alipopata mtandao akasema, "Aende. Nimewapikia wageni miaka yote hii, nataka mmoja wenu akapikiwe chuoni." Sanduku la bati lilishanunuliwa. Lilikaa chini ya kitanda chetu, tupu. Mama akiuliza mbona hafungi vitu, dada alisema, "Ngoja kwanza igizo liishe, mama."

Hilo igizo ndilo lililonitia wasiwasi.

Katekista alitaka kwaya ya vijana ifanye kitu cha kuvuta watu siku ya mavuno, si kupeleka magunia ya mahindi na mbaazi altareni tu halafu tuondoke. Mpiga kinanda akasema analo igizo la nyimbo. Yeye alikuwa kijana wa Mang'ola aliyepanda Karatu kwa kazi ya kupima vitunguu kwenye malori, na Jumapili anapiga kinanda kanisani. Igizo lenyewe lilihusu kijana mfugaji wa Olbalbal, kule bondeni Ngorongoro, anayepandisha ng'ombe huku juu wakati wa ukame kutafuta maji, akakutana kisimani na binti wa mkulima. Baba wa binti hataki. Mengine mnayajua. Binti angekuwa nani? Dada.

Kwaya yetu haina utaratibu wa kumpa kila mtu igizo zima. Kila mwigizaji anapewa kipande chake peke yake kwenye karatasi, na juu ya kila kauli yake yanaandikwa maneno matatu au manne ya mwisho ya aliyetangulia, tunayaita mkia. Ukisikia mkia wako, unaanza. Inaokoa karatasi, na pia inazuia midomo, maana Krismasi moja kata nzima ilijua mapema nani angekufa kwenye igizo, na watu wakaja wamechelewa makusudi. Kwa utaratibu huo anayeona hadithi yote ni wawili tu: mtunzi na mnakili. Na mnakili, kwa sababu ya mwandiko wangu, nikawa mimi.

Mpiga kinanda aliuleta mswada mwenyewe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Karibu, baba."

"Nimeambiwa hapa kuna mwandiko mzuri."

"Yuko huko nyuma ya pazia," mama akasema bila kuinua macho kwenye cherehani. "Kutoka hatoki, ila anasikia."

Akaligeukia pazia. "Hujambo, shemeji mdogo?"

Niliinua pasi juu ya sketi ya watu nikabaki nimeishikilia hewani. Cherehani ya mama nayo ikanyamaza.

"Shemeji wa nani?" mama akauliza.

Sitii chumvi. Yule kijana alicheka kidogo, akaanza kugonga meza ya kukatia kwa vidole, akaimba kwa pua kipande cha sauti ya pili. Akaaga akaondoka. Niliandika kila kitu usiku uleule, pamoja na kule kugonga meza.

Mswada ulikuja sehemu baada ya sehemu. Mwandiko wake ulikuwa wa mtu aliyezoea kuandika uzito wa magunia: mistari mifupi, tarakimu nzuri, maneno yameegemeana. Lakini maneno yenyewe, daah. Kwenye sehemu ya pili mfugaji anamwambia binti: "Kisima unakiinamia kila asubuhi. Mimi umenitazama mara mbili, na mara zote mbili ulikuwa unahesabu ng'ombe wangu." Nilipoyanakili nililazimika kuweka kalamu chini. Sikupenda kwamba niliyapenda. Mtu anayejua kupanga neno namna hiyo, nikajiuliza, ameshapanga mangapi, na amempangia nani?

Mazoezi yalifanyika uwanja wa kanisa jioni. Nilikuwa naenda na dada kubeba vipande. Mfugaji aliigizwa na kijana wa sauti ya nne, ambaye ni mzaliwa wa Olbalbal kabisa, amechunga huko mpaka alipokuja kusoma. Siku ya kwanza alisoma kipande chake, akakisoma tena, akanyoosha mkono.

"Samahani. Hapa naimba beti sita kisimani."

"Ndiyo," akasema mpiga kinanda.

"Na ng'ombe?"

"Ng'ombe wamefanyaje?"

"Wametoka Olbalbal na kiu ya siku mbili. Mimi naimba. Wao wako wapi? Ng'ombe mwenye kiu akiona maji hakungojei umalize ubeti wa sita, bwana. Atamkanyaga huyu dada."

Kwaya nzima ikavunjika mbavu. Mpiga kinanda alimtazama dada yangu. Dada naye, bila kufikiri, akasema, "Wameshatangulia kwa mjomba wa binti, ana birika la kunyweshea. Amebaki mmoja tu, kilema, ndiyo maana amechelewa."

"Hapo sawa," kijana wa sauti ya nne akakubali. "Ng'ombe kilema naweza kumwimbia."

Niliona jinsi mpiga kinanda alivyomtazama dada na jinsi dada alivyojibu haraka. Niliandika: "Wana mazungumzo yao ambayo sisi hatuyajui." Na hilo lilikuwa kweli, ila nililishika kwa upande usiokuwa na mpini.

Jumapili moja baada ya misa mpiga kinanda alimsindikiza dada hadi nyumbani. Wakasimama nyuma ya nyumba penye tanki la maji. Mimi nilikuwa chumbani nakunja nguo, dirisha liko wazi. Nikasikia sauti ya kiume ikisema, polepole, kama mtu anayevuka mto akijaribu mawe: "Mimi umenitazama mara mbili, na mara zote mbili ulikuwa unahesabu ng'ombe wangu."

Huyu hana ng'ombe. Huyu anapima vitunguu.

Nikasikia dada anaimba taratibu wimbo wa binti wa kisimani, na mpiga kinanda akaingiza sauti ya pili chini yake. Ulikuwa mzuri, nakiri. Nilisimama na shati la mtu mkononi. Maneno niliyoyanakili Ijumaa kwa kalamu yangu, Jumapili yanamwagwa kwa dada yangu kana kwamba yamezaliwa dakika ile. Niliandika: "Anamwigizia. Anamjaribia maneno kama mama anavyomjaribia mtu nguo, na nguo yenyewe ni ya mtu mwingine."

Kuanzia hapo nikawa nalinganisha na tamthilia. Walikutanaje? Dada alishaniambia: aliangusha daftari la nyimbo, mpiga kinanda akaliokota. Ajali. Wimbo wa kwanza umeshapita. Ahadi? Dada hafungi sanduku, basi kuna ahadi. Kwa hiyo kinachofuata ni siri. Nikaanza kumtafutia siri. Labda ana mke Mang'ola. Labda ana mtoto. Akicheka niliangalia meno, akipokea simu niliangalia anageukia wapi. Siku moja alipokea simu akaenda kusimama mbali kabisa karibu na choo cha kanisa, nikasema, haya, ndiyo huyo mke. Baadaye nikamsikia akibishana kuhusu lori lililopasuka tairi njiani. Hata hilo sikuliamini sana.

Sehemu ya nne ya mswada ilikuja, wameachana. Sehemu ya tano haikuja. Sikukuu ilikuwa imebaki wiki, zikabaki siku nne. Nilimuuliza dada jioni, tukiwa tunapinda magauni: "Sehemu ya mwisho iko wapi?"

Alikuwa na pini mdomoni. Akaimba kwa pua.

"Dada, watu watafanyaje mazoezi?"

Akaendelea kuimba, akaguna kidogo, akatoa pini moja akaichomeka kwenye gauni.

Ndipo nikaelewa, au niliamini nimeelewa. Mwisho wa hadithi hizi ni jukwaa na umati. Aliyekosa anaimba mbele ya watu wote mpaka mwenzake ajitokeze. Mpiga kinanda ameficha mwisho kwa sababu mwisho si wa igizo. Siku ya mavuno, parokia nzima ikiwa uwanjani, ataacha kinanda asimame, amwombe dada uchumba mbele ya padri na mabibi na watoto. Ngoma zitapigwa, vigelegele vitapigwa, na nani atasema hapana mbele ya vigelegele? Jumatatu gari litaondoka kwenda Tabora na kiti kimoja kitupu.

Kumwambia mtu kwa mdomo sikuweza. Asubuhi ya Jumamosi, siku moja kabla ya sikukuu, nilichukua ukurasa wa igizo wenye yale maneno ya kisima, na shajara yangu nimeifungua kwenye ile Jumapili ya tanki, nikaviweka vyote juu ya cherehani ya mama, pale mkono wake unapofikia kwanza. Halafu nikaenda kuteka maji ambayo hayakuhitajika.

Mama hakuniuliza kitu. Alasiri akamwita mpiga kinanda. Aliingia bado ana vumbi la magunia mabegani. Dada alikuwa anapanga vitambaa. Tamthilia ilikuwa inaendelea, na mama akaizima katikati ya wimbo, jambo ambalo sijawahi kumwona akifanya. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na pasi iliyopoa.

"Kaa, mwanangu. Sina maneno mengi. Jumatatu binti yangu anatakiwa awe garini. Kesho wewe umempangia nini?"

"Kesho tunaigiza, mama."

"Igizo linaishaje?"

Akamtazama dada. "Sijui, mama."

"Mtunzi hajui mwisho?"

Mama akachukua ukurasa, akausoma kama anavyosoma vipimo, bila kupandisha wala kushusha sauti: "'Mimi umenitazama mara mbili, na mara zote mbili ulikuwa unahesabu ng'ombe wangu.' Haya yako kwenye karatasi. Na umemwambia binti yangu hapo kwenye tanki. Ni ya igizo au ni yako?"

Mpiga kinanda aliweka mikono juu ya magoti, akawa anajikuna ukucha kwa ukucha. Na kutoka upande wa vitambaa nikasikia sauti ya kwanza, chinichini, kwa pua. Dada alikuwa anaimba.

Sijui nilitokaje. Najua tu kwamba pazia lilikuwa nyuma yangu.

"Dada, usiimbe. Jibu."

Wote watatu wakanitazama. Mama alinitazama kama mteja asiyemkumbuka. Dada aliweka vitambaa chini.

"Ni yangu," akasema.

"Nini yako?" mama akauliza.

"Maneno. Yote. Nyimbo ni zake, maneno ni yangu. Mimi nasema, yeye anaandika."

"Kwa nini?"

"Ningekwambia ungesema nini, mama? Ungesema barua ya chuo iko mezani na mimi nakaa kutunga mapenzi. Na kwaya nao? Wangesema nimejitungia mchumba."

Mama akaukunja ukurasa. "Na kwenye tanki?"

"Nilimwambia ayaseme. Nilitaka kusikia kama yanaaminika."

Hapo mpiga kinanda akainua kichwa. "Ulitaka kusikia kama yanaaminika," akarudia, si kwa hasira. "Mimi nilidhani umenipa niyaseme kwa sababu unataka kuyasikia kwangu."

Nje gari la watalii lilipita, likafuatiwa na jingine.

"Mimi nilikuwa nayasema kweli," akasema. "Tangu la kwanza."

Dada alikuwa na uso ambao sijawahi kuuona, wa mtu aliyeshika sufuria ya moto na hana pa kuiweka. "Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia kwa maneno ya nani?"

Mama akakohoa. "Na mwisho?" akamuuliza dada. "Mwisho uko wapi?"

"Sijauandika. Nikiandika binti anarudi kwa mfugaji, nitakuwa nimekubali. Nikiandika harudi, nitakuwa nimekataa. Nikaona ningoje."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nafasi ichukuliwe na mwingine, labda," dada akasema, kwa sauti ndogo. "Nisiwe mimi niliyechagua."

"Basi kaa hapo uchague," mama akasema. "Mdogo wako ana kalamu."

Nililetewa kigoda. Dada akasema, mimi nikaandika, na mpiga kinanda akiwa amekaa palepale kwa sababu hakuna aliyemwambia aondoke. Binti anajitokeza kwenye umati. Anamtambua ng'ombe kilema kwanza, ndipo anamtambua mfugaji. Baba mtu anakubali. Wanaimba wote.

"Kwa hiyo wanarudiana," mpiga kinanda akasema.

"Watu wamelima mwaka mzima," dada akajibu. "Siwezi kuwapeleka nyumbani na huzuni."

"Na Jumatatu?"

Nilimtazama dada mdomoni, nikingoja kama ataimba.

"Jumatatu naenda Tabora."

Mpiga kinanda akaitikia kwa kichwa mara mbili. Alichukua nakala ya kinanda, akaikunja, akamuaga mama kwa heshima zote. Aliponifikia alisema, "Asante, mdogo wangu. Mwandiko wako unasomeka." Nilitamani anitukane.

Usiku huo, baada ya kunakili vipande vya mwisho na dada kuvipeleka kwa wanakwaya, nilifungua zoezi langu la shule. Nilikuwa nimeorodhesha wahusika wote: kijana, binti, baba mkali, rafiki mchekeshaji. Nilimsahau mmoja. Katika kila tamthilia kuna mtu anayesikiliza nyuma ya mlango akapeleka maneno kwa mzazi, na wateja wa mama wanamchukia kuliko shetani. "Huyu kidomodomo angekuwa mwanangu ningemshona mdomo," mama wa maziwa husema. Mwalimu alikuwa amenipa alama kumi na tisa kati ya ishirini. Hata yeye hakumkumbuka.

Sikukuu ilifana. Kijana wa sauti ya nne alikuja na lubega lake mwenyewe na fimbo yake mwenyewe, na alipoimba kwa ajili ya ng'ombe kilema wazee wawili waliotoka Ngorongoro walisimama. Dada alijitokeza kwenye umati kutoka upande wa magunia ya mahindi, vigelegele vikapanda, na nikamsikia mama wa maziwa akisema, "Si nilisema? Si nilisema?" Mimi nilikuwa namtazama mpiga kinanda. Nilingoja akosee. Nilitaka akosee, hata sauti moja, nijue. Hakukosea popote, akapiga mpaka mwisho, akafunika kinanda kwa kitambaa chake cheupe na kwenda kusaidia kubeba viti. Mtu anaweza kupiga hivyo akiwa ameumia? Au maumivu nayo yalikuwa nusu ya wimbo? Sijui. Bado namtazama Jumapili, na bado sijui.

Jumatatu alfajiri stendi ilikuwa imejaa ukungu ulioshuka kutoka juu. Mama alikwenda kuhakikisha sanduku limefungwa vizuri kwenye buti, na kubishana na konda kuhusu kamba. Dada alikuwa ameshakaa dirishani. Akanyoosha mkono akaninyanyua kidevu, maana nilikuwa natazama chini.

"Wewe unaona kila kitu," akasema. "Hebu niambie. Nilikuwa nampenda?"

Nilifikiria lile tanki, zile sauti mbili. Nilifikiria uso wake Jumamosi.

"Sijui," nikasema.

"Hata mimi. Nilitaka kujua kabla gari halijawaka." Akafuta machozi haraka kwa ncha ya mtandio, akatazama mbele. "Usimwambie mama."

Gari likawaka. Konda akagonga bati mara mbili, wakaondoka.

Mama alirudi anajifuta grisi mikononi. Tulitembea hadi karibu na duka la maziwa, kisha akauliza, "Alikuwa anakwambia nini pale dirishani?"

"Amesema nikusaidie kushona sare za shule."

Mama alisimama. Alinitazama kwa muda mrefu, akafinya macho, vilevile kama mimi ninavyowatazama watu wengine wote. Sikugeuza uso.

"Haya," akasema, na tukaendelea kutembea.